Samawati au kijani: tuchague rangi gani ya chumba?



Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo wengine wataona si la ukurasa huu. Katika familia nyingi za parokia zetu, Noeli inapokaribia, au mtoto anapotarajiwa kuzaliwa, au kunapokuwa na sherehe ya Komunyo ya Kwanza, nyumba hupakwa rangi. Fundi huja na kadi ya rangi aliyoichukua dukani, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mama anaweka kidole kwenye samawati mpauko, Baba anaweka kwenye kijani mpauko. Ukiziangalia rangi hizo mbili kwa mbali ni kama mapacha: zote zina ubaridi, zote zina weupe mwingi ndani yake, na jioni ikiingia huwezi kuapa ipi ni ipi. Hata hivyo mabishano yanaweza kuchukua wiki nzima, na fundi anaendelea kunywa chai ya bure.

Mimi nina upande katika mabishano haya, na nitausema mapema. Ikiwa rangi inayonunuliwa ni ya maji, chukueni ile iliyopauka zaidi kati ya hizo mbili, mmalize maneno. Lakini ikiwa ni rangi ya mafuta, na chumba ni cha watoto, namuunga mkono Mama: samawati. Sababu zangu si za urembo.

Kwanza tuondoe sababu zisizo na uzito. Rangi hizi huitwa za baridi kwa sababu hutukumbusha maji, kivuli na anga ya asubuhi. Wapo wanaoamini kwamba chumba cha samawati kitakuwa na joto pungufu kuliko cha kijani, au kuliko cha krimu. Sivyo. Joto la nyumba zetu linashuka kutoka kwenye bati, na ukuta wa ndani hauna la kulifanya. Anayetaka watoto wake walale bila kutokwa jasho afunge dari, aache matundu ya hewa juu ya ukuta, na aweke madirisha yanayokabiliana ili upepo uingie huku na kutokea kule. Rangi nyeupe inasaidia ikipakwa juu ya paa na kwenye kuta za nje, maana hapo inarudisha jua kabla halijaingia.

Sababu nyingine inayotolewa ni kwamba kijani hutuliza mgonjwa, "ndiyo maana hospitali hupakwa kijani". Ni kweli hospitali nyingi zilipakwa kijani, lakini tujue chanzo chake. Mwaka 1914 daktari mpasuaji wa San Francisco, Marekani, aliyeitwa Harry Sherman, alilalamika kwamba vyumba vya upasuaji vilivyokuwa vyeupe pe vilimchosha macho. Mtu akikazia macho damu nyekundu kwa muda mrefu kisha akainua uso kwenye ukuta mweupe, huona vivuli vya kijani vikicheza mbele yake. Sherman akaomba kuta na sakafu zipakwe kijani ili jicho la mpasuaji lipumzike. Kijani kile, basi, kilikuwa kwa ajili ya daktari. Mgonjwa alikuwa amelazwa usingizi. Kutoka chumba cha upasuaji rangi hiyo ikatembea hadi wodini, kisha shuleni na maofisini, na hoja ikabadilika njiani. Kama kijani kinaituliza roho yako, vizuri, kipende. Lakini usiseme ni tiba.

Nimesikia pia hoja ya kidini: samawati ni rangi ya Mama Bikira Maria. Sina neno. Ila mwenye kupenda kijani naye anaweza kujibu kwamba hicho ndicho Padre anachovaa Dominika nyingi za mwaka. Kwa hoja hii hakuna atakayeshinda.

Mwanga wa chumba chako

Sasa tuje kwenye mambo yenye uzito. La kwanza ni mwanga. Kadi ya rangi imechapwa kwa ajili ya kuuza, na unaitazama chini ya taa ya duka. Nyumbani kuna mambo mengine. Kama dirisha la chumba linatazama migomba au mwembe, mwanga unaoingia tayari una ukijani wa majani. Paka kijani mpauko humo, na ifikapo saa kumi chumba kinakuwa kama chupa. Samawati katika chumba hicho hicho itaegemea kijani kidogo, lakini haitazama. Kwa upande mwingine, kama usiku mnatumia taa ya mafuta au balbu ya kizamani yenye mwanga wa njano, samawati hupoteza uhai na kuwa kama majivu, na kijani ndicho kinachopendeza zaidi. Taa za sola za siku hizi, ambazo nyingi zina mwanga mweupe mkali, hubadilisha mambo tena.

Kwa hiyo, kabla ya kununua ndoo ya lita 20, nunueni kopo dogo la kila rangi. Mpake vipande viwili vya ubao wa dari au boksi gumu, mikono miwili ya rangi, mviegemeze ukutani ndani ya chumba chenyewe. Vitazameni asubuhi, mchana, na baada ya kuwasha taa. Familia nyingi zitagundua kwamba zilikuwa zinabishania kitu ambacho chumbani kwao hakionekani hata kidogo, au kwamba rangi waliyoipenda dukani hawawezi kulala nayo.

Jambo la kuangalia katika vipande hivyo ni moja: kipi kinarudisha mwanga zaidi. Katika chumba chenye dirisha dogo, ukuta uliopauka hufanya kazi ya dirisha la pili. Mtoto anasoma bila kuinamia daftari, mama anaona vumbi chini ya kitanda, bibi mwenye macho hafifu haukanyagi mguu wa stuli. Mbu naye hupenda kupumzika mahali penye giza, na akitua juu ya ukuta mpauko unamwona. Hapo samawati na kijani ziko sawa kabisa mradi zimepauka sawasawa, na ndiyo maana nilisema tukinunua rangi ya maji tuchukue iliyopauka zaidi.

Lakini liko jambo moja kuhusu mwanga ambalo nalitilia mkazo kwa wazazi wenye mtoto mchanga na kwa wenye mgonjwa ndani. Ukuta hutupa rangi yake juu ya kila kilichomo chumbani, na ngozi ya mgonjwa imo. Katika chumba cha kijani kilichokolea, uso wa mtu mzima wa afya unaweza kuonekana kama wa mgonjwa. Katika buluu iliyokolea, mtoto anaweza kuonekana amepauka kumbe damu anayo. Ubaya mkubwa zaidi ni upande wa pili: kumwona mtoto yuko salama kumbe hayuko salama. Manjano ya mtoto mchanga ni shida kuyatambua kwenye ngozi yetu nyeusi hata katika mwanga mzuri. Hutazamwa kwenye weupe wa macho, kwenye fizi, viganjani na kwenye nyayo. Upungufu wa damu nao hutazamwa viganjani na ndani ya kope la chini. Mpelekeni mtoto mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, ndipo mmtazame. Mtoto akionyesha manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano yakifika viganjani na kwenye nyayo, au akawa mlegevu na hataki kunyonya, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Nalisema hili kwa sababu kuna watu waliosikia kwamba mwanga wa buluu hutibu manjano, wakafikiri ukuta wa samawati utasaidia. Habari ya mwanga ni ya kweli. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward (waliita "Sister", lakini kwao hilo ni cheo cha muuguzi mkuu wa wodi, hakuwa mtawa) alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti nje wapate jua. Akamwonyesha daktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepoteza umanjano isipokuwa pale ilipofunikwa na shuka. Kutokana na macho ya muuguzi huyo tukapata taa za tiba zilizoko leo katika wodi za watoto wachanga. Lakini taa hizo hutoa mwanga mkali uliopimwa, moja kwa moja juu ya ngozi. Ukuta hautoi mwanga wowote. Hurudisha tu sehemu ya ule ulioupokea. Mtoto mwenye manjano katika chumba cha samawati ni mtoto mwenye manjano.

Risasi ndani ya kopo

Hapa ndipo penye sababu yangu kubwa. Madini ya risasi yametiwa katika rangi za nyumba kwa karne nyingi, na yanaumiza watoto. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na mtoto asiye na madini ya chuma ya kutosha, yaani yule yule anayekula ugali bila maharage wala mboga, hufyonza zaidi. Risasi hudhuru ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, msahaulifu, mwenye hasira za haraka. Anaweza kuumwa tumbo, kukosa choo, kupungukiwa damu, lakini mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, na mwalimu anasema tu kwamba ni mvivu. Katika mama mjamzito risasi hupita hadi kwa mtoto tumboni. Kinachoonyesha ukweli ni kipimo cha damu, na wengi wetu hatuna pa kukipata kwa urahisi.

Hayo hayakugunduliwa jana. Mwaka 1904 daktari wa macho wa Brisbane, Australia, Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto wa jimbo la Queensland walikuwa wakipata sumu ya risasi kutokana na rangi ya baraza na kuta za nyumba zao. Jua liliifanya rangi ile kuwa unga, unga ukashika mikononi, na watoto wakatafuna kucha na kunyonya vidole. Wenzake wengi hawakumsikiliza. Queensland ilipiga marufuku rangi ya risasi mahali wanapofikia watoto mwaka 1922, miaka 18 baadaye. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1921, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba wa kuzuia nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo. Mkataba huo uliwatetea mafundi, watoto walisubiri.

Na sisi? Mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi wa rangi mpya zilizokuwa zikiuzwa madukani katika nchi kumi, Tanzania ikiwamo. Rangi za maji kwa jumla zilikutwa na risasi kidogo sana. Rangi za mafuta ndizo zilizokutwa na risasi nyingi. Tangu hapo sheria na viwango vimekazwa katika nchi nyingi, na kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 tu katika kila sehemu milioni moja za rangi iliyokauka, sawa na gramu 90 katika tani nzima. Lakini kopo la zamani lililokaa stoo halisomi sheria, wala lile linalouzwa bila lebo.

Sasa tofauti ya samawati na kijani. Samawati hupatikana kwa kutia buluu kidogo ndani ya nyeupe, na nyeupe ya siku hizi ni oksidi ya titani, ambayo haina risasi. Kijani mara nyingi hakizaliwi kijani. Kwa miaka mingi viwanda vilikipata kwa kuchanganya buluu na njano, na njano iliyopendwa kwa kung'aa kwake ilikuwa kromati ya risasi. Ndiyo maana katika vipimo vya rangi za mafuta, njano, nyekundu, machungwa na kijani ndizo zinazotiliwa shaka kwanza. Samawati haihitaji njano. Tuwe wakweli hata hivyo: risasi imetumika pia kuharakisha kukauka kwa rangi ya mafuta ya aina yoyote, kwa hiyo samawati nayo haina hati ya usafi. Naweza kusema hivi: katika kopo la samawati la mafuta risasi ina mlango mmoja wa kuingilia, katika la kijani ina miwili. Na kwa kuwa kijani mpauko huhitaji njano kidogo tu, mlango huo wa pili ni mwembamba kuliko katika kile kijani cha milango na mageti. Mwembamba, lakini upo. Rangi zikiwa zinafanana kiasi hiki, sioni kwa nini mzazi auache wazi.

Akisema mtu kwamba kijani kilichotengenezwa vizuri siku hizi hakina risasi, namkubalia kabisa. Aonyeshe kopo lenye maandishi ya kwamba halina risasi na alama ya ubora ya shirika la viwango, nami nitampakia Baba kijani chake kwa mikono yangu.

Kuna jambo dogo linaloongeza uzito upande wa samawati: unyevu. Ukuta unaonyonya maji kutoka chini, au unaovujiwa na paa, huota kuvu, na kuvu humletea mwenye pumu usiku mrefu. Kuvu huanza na madoadoa ya kijivu na kijani. Juu ya ukuta wa kijani madoadoa hayo hukaa wiki nyingi bila mtu kuyaona. Juu ya samawati yanaonekana mapema. Lakini yakionekana msiyapake rangi juu. Tafuteni maji yanatoka wapi, zibeni, acheni ukuta ukauke, usugueni, ndipo mlete brashi.

Milango ya zamani

Huku tukibishania ukuta mpya, hatari yenyewe mara nyingi imekaa kwenye mlango wa zamani. Nyumba zetu nyingi, na majengo ya misheni yaliyojengwa zamani, zina milango, fremu za madirisha na vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Fundi anapokuja kupaka upya, kazi yake ya kwanza ni kupiga msasa. Vumbi linajaa chumba, watoto wanacheza humo, mama mjamzito anafagia. Siku hiyo moja inaweza kuleta risasi nyingi kuliko rangi nzima inayofuata.

Mwambieni fundi alowanishe kwanza, apige msasa wa maji, aweke nailoni chini. Asichome rangi ya zamani kwa moto. Watoto na wajawazito wakae kwa jirani hadi kazi iishe na chumba kipigwe deki. Msifagie kwa ufagio mkavu. Magamba ya rangi yasitupwe bustanini wala mahali kuku wanapodonoa. Fundi mwenyewe afunge kitambaa puani, anawe kabla ya kula, na asiende nyumbani kuwakumbatia watoto wake akiwa na nguo zile za kazi. Mafundi rangi ni waumini wenzetu, na afya yao haijadiliwi sana katika jumuiya zetu.

Wasio na fedha ya ndoo ya rangi wasidhani makala haya hayawahusu. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliviweka vyumba na nyumba zetu ndani ya habari ya mazingira, na hakuwasahau wale wanaozitunza nyumba zao katika umaskini. Chokaa bado ipo. Chokaa mbichi iliyopakwa vizuri huua vijidudu vingi vya ukutani na huacha ukuta upumue, na akina mama wanajua tangu zamani kwamba ukitia humo buluu kidogo ya kufulia nguo unapata samawati nzuri sana. Jaribuni kwanza kwenye kona, kwa kuwa baadhi ya buluu hufifia ndani ya chokaa. Wakati wa kuchanganya na kupaka, hasa dari, mlinde macho. Chokaa ikiingia jichoni, oshweni mara moja kwa maji safi mengi, bila kuacha, kisha nendeni zahanati.

Na kwa wasomaji wa maeneo ambako nyumba hupulizwa dawa ya ukoko ya kuua mbu, kama ilivyofanyika kwa miaka kadhaa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa: pakeni rangi kabla wapulizaji hawajafika. Ukipaka baada yao, iwe samawati, kijani au chokaa, umeifunika dawa, na mbu watatua juu ya ukuta wako mpya bila kudhurika. Rangi ikishapakwa, acheni madirisha wazi mchana kutwa. Kama ni ya mafuta, mtoto mchanga na mwenye pumu wasilale humo hadi harufu iishe kabisa, hata ikichukua wiki.